Nusu ya Somo: Protini, Unyafuzi na Siasa za Njaa

Kila mwaka maelfu ya wanafunzi wetu wa udaktari, kilimo na sayansi husoma somo la baiokemia ambalo aghalabu hugawanywa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni protini: asidi amino 20, jinsi zinavyoungana na kujikunja, na jinsi vimeng'enya vinavyofanya kazi. Fungu la pili ni umetaboli: jinsi mwili unavyovunja chakula, unavyopata nishati na unavyojijenga upya. Nililisoma somo hilo nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, kabla ya kuhamia historia ya sayansi. Sentensi moja ya fungu la kwanza imeendelea kunishughulisha hadi leo: unyafuzi, yaani kwashakoo, husababishwa na upungufu wa protini, na nyongea husababishwa na upungufu wa nishati.

Sentensi hiyo bado imo katika madaftari mengi. Ni fupi na huhifadhika kirahisi kwa mtihani. Lakini nyuma yake pana historia ya zaidi ya miaka 40, ambayo sehemu yake kubwa ilitendeka hapa Afrika Mashariki. Ndani yake mna funzo kwa yeyote anayeandika sera, anayezipinga au anayezitekeleza.

Mwaka 1933 daktari mzaliwa wa Jamaika, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika koloni la Gold Coast, ambalo leo ni Ghana, alichapisha maelezo ya ugonjwa wa watoto waliolishwa zaidi mahindi. Miguu yao ilivimba, ngozi ilibanduka, nywele zilipauka, na wengi walikufa. Mwaka 1935, katika jarida la Lancet, aliuita ugonjwa huo kwa jina alilolipata kwa wanawake wa Kiga: kwashiorkor, maradhi yanayompata mtoto aliyeondolewa titini kwa sababu mdogo wake amekuja. Tuzingatie kwamba jina hilo lilikuwa tayari na nadharia ndani yake. Linataja mpangilio wa uzazi, kazi ya mama na nafasi ya mtoto nyumbani. Halitaji kirutubisho chochote.

Wataalamu wa kikoloni hawakulipokea mara moja. Hugh Stannus, mwenye sifa kubwa katika tiba ya nchi za joto, alishikilia kwamba huo ulikuwa ugonjwa wa pelagra uliokwisha kujulikana. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell naye alianza kwa kuuita pelagra ya watoto, kisha akabadili msimamo kadiri ushahidi ulivyoongezeka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Mulago ikawa mojawapo ya vituo vikuu vya utafiti wa ugonjwa huu duniani. Mwaka 1952 Brock na Autret, waliotumwa na mashirika ya afya na chakula ya Umoja wa Mataifa, walitoa ripoti iliyoonyesha kuwa unyafuzi ulienea sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean wakatoa kitabu chao kikubwa juu yake. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta yaliokoa watoto wengi wodini, na hitimisho likaonekana wazi: kinachokosekana ni protini.

Kutoka wodini hitimisho hilo likaingia katika ofisi za dunia. Mwaka 1955 iliundwa kamati ya ushauri wa protini katika Umoja wa Mataifa. Marekani ilikuwa na shehena za maziwa ya unga yaliyozidi mahitaji ya soko lake, na UNICEF ikayasambaza katika nchi maskini. Guatemala ikatoa unga wa Incaparina. Watafiti wengine wakasaga samaki kuwa unga wa protini, na huko Ufaransa kampuni ya mafuta ikakuza hamira juu ya petroli ili ipatikane protini ya kulisha mifugo na, ilitumainiwa, wanadamu. Mwaka 1968 Umoja wa Mataifa ukatoa ripoti iliyotahadharisha kuhusu janga la protini lililokuwa likiikaribia dunia.

Hapa ndipo fungu la pili la somo linapodai nafasi yake. Mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Asidi amino zinapoingia kwa mtoto mwenye nishati haba, sehemu kubwa huvuliwa nitrojeni yake, nitrojeni ikageuzwa yurea na kutoka kwa mkojo, na mabaki yake yakachomwa ili moyo, ubongo na ini viendelee kufanya kazi. Kumpa mtoto huyo protini bila kumwongezea chakula kwa jumla ni kama kuchanja mbao za mninga kuwa kuni kwa sababu jikoni hakuna kuni. Jambo hili halikuwa siri. Hans Krebs na Kurt Henseleit walieleza mzunguko wa yurea mwaka 1932, mwaka mmoja kabla ya makala ya kwanza ya Williams. Elimu ilikuwapo, haikuketi katika meza moja na sera.

Upinzani ulikuja kwa nguvu kutoka nje ya vituo vilivyozoeleka. Huko Hyderabad, India, C. Gopalan alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba watoto waliopata unyafuzi na waliopata nyongea walitoka katika mazingira yale yale na walikula vyakula visivyotofautiana kwa uwiano wa protini. Upungufu mkubwa ulikuwa wa chakula chenyewe. Mwaka 1973 kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilishusha makadirio ya protini anayohitaji mtoto, na sehemu kubwa ya lile "pengo la protini" ikatoweka kwenye karatasi. Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika Lancet kwamba mradi wote ulikuwa fedheha kubwa. Mwaka 1977 kamati ya protini ikavunjwa.

Nisieleweke kwamba protini si kitu. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani, na maharage huuziba upungufu wa lisini. Bibi zetu waliopika kande hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Wala chanzo cha unyafuzi hakijafungwa kama kesi iliyohukumiwa. Utafiti juu ya watoto mapacha nchini Malawi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa bakteria wa utumbo wana sehemu yao, kwa kuwa pacha mmoja aliweza kuugua na mwenzake, anayekula chakula kile kile, asiugue. Hata tiba imegeuka. Maziwa ya F-75 anayoanzishiwa leo mtoto mwenye utapiamlo mkali yana gramu 0.9 tu za protini katika mililita 100, kwa makusudi, kwa sababu ini lake halimudu zaidi katika siku za kwanza.

Linalonishughulisha zaidi ni la kisiasa. Kirutubisho kimoja ni kitu kinachoweza kununuliwa, kusafirishwa, kupigwa picha na kuhesabiwa katika ripoti. Mshahara mdogo, shamba lisilo na hati, kisima cha mbali na mama anayefanya kazi tangu alfajiri hadi usiku haviingii katika gunia. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, jibu la protini lilidumu kuliko ushahidi wake: liliwaruhusu wenye mamlaka kuzungumzia njaa bila kuzungumzia umaskini.

Njia nyingine ilikuwapo, na ilijaribiwa hapa kwetu. Kituo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa Mulago mwaka 1965, kiliwafundisha wazazi kupika mchanganyiko wa vyakula vinavyopatikana shambani mwao, badala ya kutegemea maziwa ya kopo. Nchini Tanzania, mpango wa lishe wa Iringa ulianza mwaka 1983 katika vijiji 168. Wanakijiji waliwapima watoto wao wenyewe, wakajadili matokeo katika mikutano yao, wakahoji idadi ya milo, maradhi, muda wa akina mama na malezi ya mchana. Katika miaka michache watoto wenye uzito pungufu walishuka kutoka zaidi ya asilimia 50 hadi chini ya 40. Mfumo wa fikra uliotumika huko, wa kutenganisha sababu za karibu, za kati na za msingi, ulipokewa na UNICEF mwaka 1990 na ukaenea duniani.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba mkoa unaoongoza ni Iringa, kwa asilimia 57 hivi. Udumavu si kipimo kile kile cha miaka ya 1980, hivyo tusilinganishe tarakimu hizo moja kwa moja. Lakini mkoa unaolima chakula kingi namna ile na bado ukaongoza kwa watoto waliodumaa hauwezi kuelezwa kwa kukosekana kwa kirutubisho kimoja.

Kwa mtumishi wa umma anayeandaa bajeti ya lishe ya halmashauri, swali la kwanza lisiwe ni virutubisho gani vinunuliwe. Aulize mtoto wa kijiji fulani anakula mara ngapi kwa siku, nani anabaki naye mama anapokwenda shambani, anaugua kuhara mara ngapi, na mahindi yanauzwa kwa bei gani mwezi wa kuvuna. Kwa wanaharakati, maswali hayo hayo ndiyo ya kupeleka kwenye mikutano ya vijiji. Na kwa wahadhiri wenzangu wa baiokemia, naomba ile sentensi ya unyafuzi iondolewe katika fungu la kwanza, isubiri mpaka wanafunzi wamemaliza la pili, kisha ifundishwe pamoja na historia yake.