Mshono Ulitangulia Kiwanda

Leo nakuja na sahihisho. Miaka michache iliyopita niliandika makala gazetini kuhusu historia ya kanga. Nilisema, kwa ile sauti yetu waandishi ya kujua kila kitu, kwamba kanga ilibuniwa na wafanyabiashara na wenye viwanda vya ng'ambo, na kwamba wanawake wa pwani waliipokea tu dukani na kuipenda. Hakuna aliyelalamika. Mhariri alinipongeza, na mimi nikajipongeza.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwamkia bibi, nikamkuta amekaa mkekani na doti mpya mapajani. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Akanipa sindano na uzi: "Mjukuu wangu, nitungie." Nikatunga. "Sasa kata unipindie." Hapo nikakwama. Nina shahada, nina kompyuta, najua kuhoji waziri, lakini kupinda kanga sijui. Mpwa wangu wa miaka minane akaninyang'anya sindano bila hata kusema samahani.

Wakati mtoto anashona, bibi akasema, "Kanga za zamani ndizo zilikuwa na kazi. Mama yangu alikuwa akisema bibi zake walizishona wenyewe, vipande kwa vipande." Nikamjibu kwamba kanga haishonwi, inachapwa. Akanitazama kimya. Niliporudi mjini nikafungua vitabu ambavyo nilipaswa kuvifungua kabla ya ile makala.

Bibi yuko sahihi. Mimi ndiye niliyekosea.

Tuanze na nguo iliyokuwepo kabla ya kanga. Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani alianza kazi Zanzibar. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta pamba nyeupe isiyo na rangi. Watu wakaiita merikani, kwa jina la ilikotoka. Ikitiwa rangi nyeusi au buluu iliyokoza iliitwa kaniki. Misafara ya bara ililipa hongo kwa vitambaa hivyo, vikipimwa kwa shuka na doti. Doti moja ilikuwa shuka mbili. Ndiyo maana hata leo ukinunua doti unapewa vipande viwili.

Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Kwa hiyo mtu alitambulika hadhi yake kwa kitambaa kabla hajafungua mdomo.

Sasa ndipo inapoingia leso. Neno lenyewe ni la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Leso hizi za rangi ziliuzwa pwani zikiwa hazijakatwa, zimefuatana kwenye jora moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa pwani wakafanya jambo ambalo muuzaji hakulifikiria. Walinunua leso sita kwa mfululizo, wakazikata kati zikawa vipande viwili vya leso tatu tatu, kisha wakaviunganisha kwa sindano, ubavu kwa ubavu. Ikapatikana nguo moja pana, tatu kwa mbili, ya kutosha kujifunga au kujitanda. Wengine walichanganya leso za majora tofauti ili wapate pambo ambalo jirani hana.

Msomaji wangu, hebu tulia hapo kidogo. Mwanamke anachukua kitambaa cha kufutia jasho, kilichobuniwa na mtu asiyemjua, anakigeuza kuwa vazi. Ule ni ubunifu kamili, ila umefanyika mkekani na haukuandikwa jina la mtu. Mimi nilipoandika makala yangu nilitafuta majina na makampuni. Nikayapata, nikadhani nimepata historia yote.

Wafanyabiashara walikuja baadaye. Waliona leso za kushona zinapendwa, wakaagiza kitambaa cha ukubwa ule ule, kilichochapwa kizima bila mshono wa katikati. Kikachapwa India, kikachapwa Ulaya, na baadaye Japani. Inasimuliwa kwamba baadhi ya vitambaa vya mwanzo vilikuwa na madoa meupe kama ya ndege kanga, na jina likabaki. Kenya wengi wanaiita leso mpaka leo, na kwa hilo wametunza kumbukumbu kuliko sisi. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianzisha biashara yake Mombasa, ile ambayo kanga zake zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Maneno ya kanga yalichapwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi tunazosoma leo. Hapa bara tulipata kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968.

Mwaka 1897 utumwa ulipopigwa marufuku kisheria Zanzibar, wanawake wengi waliokuwa watumwa waliacha kaniki na merikani, wakajifunga kanga. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza vizuri jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu Zanzibar. Kwa wanawake wale, rangi na mapambo yalikuwa tangazo: mimi si mali ya mtu. Sasa linganisha na sentensi yangu ya gazetini kwamba waliipokea tu dukani. Naona haya kuirudia.

Kuna ushahidi mwingine ambao tunautamka kila siku. Kanga ina sehemu tatu: mji, ambao ni katikati, jina, yaani maneno, na pindo, ule ukingo unaoizunguka. Pindo! Ni neno la mshonaji. Ni ukingo wa nguo uliokunjwa na kushonwa. Mchapaji amechora ukingo kwa mashine, lakini ukingo wenyewe unaitwa bado kwa jina la kazi ya mkono.

Na kazi hiyo haijaisha. Doti inatoka dukani vipande vikiwa vimeungana na kingo zikiwa wazi. Lazima mtu akate na kupinda. Wengi tunampelekea fundi wa cherehani barazani, dakika mbili anamaliza. Sina ugomvi naye. Lakini kwa mtoto sijaona somo la kushona lililo bora kuliko hili. Mstari ni mrefu na umenyooka, pambo linamwonyesha njia, na akikosea kosa linajificha ndani ya kunjo.

Nimeenda tena kwa bibi Jumapili iliyopita. Nimemwambia kwamba alikuwa sahihi. Hakushangaa hata kidogo. Kipande cha pili cha doti kilikuwa kinanisubiri. Mpwa wangu alinielekeza: kunja mara moja, kunja tena ili nyuzi zisichomoke, piga bandi kwanza, usivute uzi sana. Nilijichoma mara tatu. Nilimaliza upande mmoja kwa saa nzima, na bibi akaupitisha mshono wote kati ya vidole vyake, polepole, kwa kuwa macho hayamsaidii tena.

"Hapa umeruka," akasema. "Fumua."

Nimefumua. Jumapili hii narudi kumalizia.