Diskasheni: kutoka Mlimani hadi kwenye simu

Kuna ubishi usiokwisha vyuoni: diskasheni ya kwenye intaneti inaweza kuchukua nafasi ya ile ya ana kwa ana? Wengi hudhani ubishi huu uliletwa na Corona, vyuo vyetu vilipofungwa kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Mei. Mimi naona tuanzie mbali zaidi.

Turudi Mlimani mwaka 1967. Wanafunzi wakaanzisha USARF, umoja wa wanamapinduzi, mwenyekiti akiwa Yoweri Museveni. Issa Shivji na Karim Hirji nao walikuwemo. Jumapili walikuwa na madarasa yao wenyewe, na mhadhiri Walter Rodney alikuwa karibu nao. Hayakuwa na maksi wala mtihani. Watu walisoma, wakakutana, wakabishana. Mwaka 1969 likatoka jarida lao, Cheche. Mwaka 1970 chama na jarida vyote vikapigwa marufuku. Jamani, hakuna serikali inayohangaika na kikundi cha watu wanaodesa tu!

Halafu kikaja Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Huyu ni mwalimu wa wilayani, yule ana mtoto mchanga, na wote wanasomea nyumbani. Hata hivyo chuo hicho kilifungua vituo mikoani na kuweka vipindi vya wanafunzi kukutana uso kwa uso. Wenye chuo cha masafa wenyewe waliona kwamba karatasi peke yake haitoshi.

Mimi nimepitia diskasheni za aina zote mbili. Kwenye kimbweta, kama hujasoma unajulikana ndani ya dakika tano. Kwenye kundi la simu unaandika "asante kwa desa, ubarikiwe", basi, umeshiriki. Lakini tusidanganyane: kimbweta cha saa nne usiku kiliwaacha nje wenzetu wengi, hasa dada zetu waliokaa mbali na chuo. Na wapo wapole waliokuwa hawasemi kitu pale, ila kwenye simu waliandika hoja nzito kutuzidi sote.

Kwa hiyo swali langu si simu au kimbweta. Ni hili: katika kundi lako, nani atakuuliza kesho kwa nini hukusoma? Kama hayupo, hiyo si diskasheni, ni stoo ya madesa. Wenzangu mnasemaje?