Jina la Chablis na funzo lake kwa wagema wa Kwale

Kabla ya kuwa kinywaji, Chablis ni mji mdogo wa Ufaransa. Uko kando ya mto Serein, kaskazini mwa Burgundy, na mvinyo unaobeba jina lake ni mweupe peke yake, hutengenezwa kwa zabibu za Chardonnay zilizolimwa ndani ya mipaka iliyochorwa kisheria. Udongo wa miteremko yake iliyo bora umejaa visukuku vya chaza wadogo, masalia ya bahari ya kale. Mtu wa Ukunda, anayekanyaga mawe ya matumbawe kila siku, hana haja ya kuelezwa jinsi bahari iliyokauka inavyogeuka kuwa shamba. Hata hivyo, mgeni anayeagiza Chablis katika mkahawa wa Diani mara nyingi huwa anataka mvinyo wowote mweupe usio na utamu, mradi umepoa. Mazoea hayo ni kosa, na historia ya kosa hilo inaihusu Kwale kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu pwani hii nayo ina majina ya thamani ambayo hayajapata mlinzi.

Wafaransa hawakulinda majina yao kwa ajili ya kiburi. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu aitwaye phylloxera aliangamiza mizabibu ya nchi yao, na mvinyo ulipoadimika wafanyabiashara wakaanza kuchanganya, kuongeza maji na kubandika majina ya sehemu zenye sifa kwenye mvinyo uliotoka kwingineko. Waswahili walikwishaliona jambo hilo walipotuachia methali ya mgema aliyesifiwa akalitia tembo maji. Ufaransa ilijibu kwa sheria: mwaka 1905 ya kuzuia udanganyifu wa bidhaa, mwaka 1919 ya majina ya asili, na mwaka 1935 ikaundwa taasisi ya kusimamia majina hayo nchi nzima. Chablis ilipata hadhi yake rasmi mwaka 1938. Tangu hapo mkulima anayetaka kuandika jina hilo kwenye chupa hana budi kufuata masharti ya shamba, ya aina ya zabibu na ya kiasi cha mavuno. Ndiyo maana kibandiko cha chupa halisi hakiishii kwenye neno Chablis. Chini yake huandikwa kwa Kifaransa kwamba jina hilo limedhibitiwa, na hayo ndiyo maneno ya kutafutwa na mnunuzi.

Nje ya Ufaransa mambo yalikwenda kombo. Huko California neno Chablis liliandikwa kwa miongo mingi kwenye mvinyo wa bei nafuu uliotengenezwa kwa zabibu za kila aina, na Australia nayo ikafanya vivyo hivyo. Afrika Kusini, ambako hutoka mvinyo mwingi unaouzwa Kenya, ilishika njia nyingine mapema. Mwaka 1935 ilikubaliana na Ufaransa kuacha majina ya sehemu za Kifaransa, na Ufaransa ikakubali kununua kamba mawe wa Afrika Kusini. Wavuvi wa Msambweni na Shimoni, wanaoijua bei ya kamba mawe, watauelewa uzito wa mapatano hayo: jina lilikuwa mali ya kupimwa na kubadilishwa kwa mali nyingine. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika mwaka 1995 Kenya ikiwa mwanachama mwanzilishi, ulikwenda mbali zaidi. Kwa mvinyo na pombe kali, unakataza jina la mahali kutumiwa na asiyetoka huko hata akiongeza maneno kama “aina ya” au “mfano wa”. Marekani nayo ilikubali mwaka 2006 kutoruhusu watumiaji wapya wa jina la Chablis, ingawa waliolitumia tangu zamani waliachwa waendelee.

Wapo watakaosema kwamba jina likishazoeleka huwa la wote, na kumzuia mtu kulitumia ni uchoyo. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, na mkataba wenyewe unaiachia nafasi nchi ambamo jina limekwisha kuwa la kawaida. Lakini mazoea hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Yalijengwa na watu waliopata faida kwa sifa ya shamba wasilolilima. Hasara yake ni ya wawili: mkulima hukosa bei, na mnunuzi hulipia kitu akapewa kingine. Wengine watauliza kwa nini Mkenya ajishughulishe na jina la Mfaransa. Jibu ni kwamba sheria haina upendeleo kwa anayedai haki huku akiwanyima wengine. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kusajili huko neno kikoi, kwa tahajia ya Kiingereza, liwe alama yake ya biashara. Wakenya na marafiki zao walipinga, na ombi likaachwa. Anayekasirikia jaribio lile hawezi kucheka jina la Chablis linapobandikwa kwenye chupa isiyo yake.

Hapo ndipo tunapofika kwenye mnazi. Tangu zamani mgema wa Kwale hupanda na kotama yake asubuhi na jioni, akalikata kidogo karara changa ili utomvu udondoke kwenye kibuyu. Wanywaji hutofautisha tembo tamu la asubuhi na lile kali lililolala, na hujua mgema yupi ni mwaminifu. Yaani ujuzi wa mahali na ubora upo tayari. Kinachokosekana ni maandishi. Litakuja pingamizi kwamba tembo huchacha kwa saa chache na haliwezi kusafiri. Ni kweli, lakini siki ya mnazi na sukari ya mnazi husafiri. Litakuja pia pingamizi zito zaidi, kwamba hii ni nchi ya Wadigo, wengi wao Waislamu, na kuinua jina la kileo ni aibu. Pingamizi hilo linastahili heshima, na halivunji hoja: siki, sukari, mafuta ya nazi, korosho na vikoi havina kileo, na kila kimoja kinaweza kubeba jina la mahali kwa kanuni zilezile.

Vyombo vya kisheria havikosekani. Sheria ya Alama za Biashara ya Kenya inaruhusu alama za pamoja na alama za uthibitisho, na sheria ya mwaka 2016 inalinda maarifa ya jadi. Kazi iliyobaki ni ya vyama vya ushirika na serikali ya kaunti: kukubaliana mipaka ya eneo, kuandika masharti ya ubora, na kumwadhibu anayetia maji. Kwa msomaji, kazi ni nyepesi zaidi. Ukiletewa chupa inayojiita Chablis, soma ilikotoka kabla ya kulipa. Na ukiuza cha Kwale, andika Kwale.