Wahunzi wa Karagwe na Kasha la Kompyuta

Wanaosema kutengeneza makasha ya kompyuta kwa oda ni mambo mapya Karagwe hawajafika Bweranyange, au walifika wakaona majani tu. Pale palikuwa makao ya Bahinda, watawala wetu, na chuma kilifuliwa kwa kuagizwa miaka mingi kabla mjomba wangu hajanifundisha kushika nyundo. Simulizi za kwetu humtaja Omukama Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa mwenyewe alikuwa mhunzi. Napenda habari hiyo. Mtawala asiyeona haya kunuka moshi wa mkaa anajua kwa nini kazi imechelewa.

Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walipokewa na Rumanyika Novemba 1861. Msafiri mwenzao Stanley alipokuja mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina, akaandika habari za bata wa shaba, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa, na silaha za chuma za kila sura. Aliviona kama maajabu. Mimi nikisoma orodha ile naona daftari la oda. Tazama picha za ng'ombe wa chuma wa Karagwe: mwili mdogo, pembe kubwa zilizopinda, zisizolingana kabisa na kiwiliwili. Kufua pembe mbili zifanane bila mashine si mchezo. Ya kwanza unaifuata kwa jicho, ya pili unailinganisha na mwenzake, na huku unapima chuma kinavyopoa, unarudi motoni tena. Hakuna mhunzi aliyefua kitu cha namna hiyo kisha akakaa kungoja mnunuzi apite.

Kwa mwananchi wa kawaida abahesi, yaani wahunzi wetu, walifua jembe, mkuki, kisu na muhoro wa kusafishia mgomba. Ufundi wenyewe ni wa zamani mno kwenye mkoa huu. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichimba upande wa Bukoba, Katuruka na Kemondo, na mwaka 1978 wakaeleza kwamba watu wa huku waliyeyusha chuma kwa ustadi mkubwa miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, wakiingiza mirija ya udongo ndani ya tanuru ili upepo wa mivukuto upate joto kabla haujafika kwenye mkaa. Wataalamu bado wanabishana juu ya jambo hilo la upepo. Mavi ya chuma hayabishani na mtu, yapo ardhini.

Kilichowaangusha abahesi ni jembe la dukani. Lilianza kuingia wakati wa ukoloni, na baada ya uhuru likaja la UFI, kiwanda cha Ubungo, Dar es Salaam. Lilikuwa rahisi, na kila moja lilifanana na lenzake. Mhunzi aliyeng'ang'ania kufua majembe alibaki na mkaa wake. Aliyesalimika ni aliyehamia kwenye bati. Fedha ya kahawa ilipoezeka nyumba, vipande vilivyobaki viligeuka koroboi, ndoo na tranka za wanafunzi wa bweni. Mjomba alilea watoto kwa tranka. Kila Januari, shule zikifunguliwa, hakulala.

Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya mwaka 2012, ina habari yake ya bati, si lile la kuezekea bali la ardhini. Huko madini ya bati yamechimbwa tangu enzi za Mwingereza. Madini hayo ndiyo hutoa lehemu inayoshikilia kila kifaa kwenye ubao wa kompyuta. Tunayauza mawe, tunayanunua ndani ya mashine. Sisemi zaidi.

Baada ya tranka ilifuata kazi ya kuchomelea, nayo ilingoja umeme. Mwaka 1993 shirika la KARADEA lilianzisha kituo cha kufundisha mafundi wa sola hapa Karagwe, na vijana wengi walijua volti 12 kabla ya 240. Baadaye umeme wa gridi ukatufikia, na kwa miaka mingi mkoa wetu uliupata kutoka Uganda. Mashine ya kuchomelea ilipoacha kutegemea jenereta, tranka ikapata mdogo wake: sanduku la kikundi cha akiba cha VICOBA lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Sanduku hilo lilinifundisha kukunja shiti kwa pembe mraba bila kuipasua.

Kwa hiyo mwenye duka la stesheneri aliponiletea kompyuta iliyovunjika kasha, sikuona cha kuogopa. Tangu Intel watoe kipimo cha ATX mwaka 1995, mazabodi kubwa (ubao mkuu wa kompyuta) ni milimita 305 kwa 244, na matundu ya skrubu yana mahali pake. Ndogo ya Mini-ITX ni 170 kwa 170. Nina violezo vya plaiwudi vya zote, navyo ndivyo mtaji wangu hasa kuliko grinda. Toboa kwanza, paka rangi, halafu kwangua rangi pale waya wa athi unapokaa, la sivyo kasha linaweza kumpiga mtu shoti. Na chenga za chuma zifutwe zote kwa sumaku: moja tu ikianguka kwenye mazabodi, imekwisha.

Kasha la dukani la Kariakoo ni jepesi na zuri, nami sishindani nalo. Lakini aliyelibuni hajui vumbi la barabara ya Nkwenda wakati wa kiangazi, wala mende wanaofuata joto la pawasaplai, wala mjusi anayekufa juu ya nyaya. Langu lina wavu wa dirishani unaochomolewa na kuoshwa, feni inayosukuma hewa ndani badala ya kuivuta nje, na kwa wateja wa sola chumba cha kibadilishi cha volti 12. Linabeba kufuli pia. Ni zito, nakubali.

Kijana anayetaka kufungua karakana ya namna hii Kayanga au Rubwera asianze kwa kupanga makasha dukani. Jembe la UFI lilikwisha kutufundisha nani hushinda kwenye vitu vinavyofanana. Apokee oda, achukue nusu ya malipo, ndipo akate shiti. Nawe mteja, njoo na mazabodi yenyewe mkononi. Picha ya kwenye simu haina vipimo.