Sabuni, kobe na kipindi cha sanaa

Nimekuwa kimya karibu miezi miwili, na safari hii sababu si uvivu. Mwalimu mmoja wa sanaa katika shule ya msingi huko Ukambani aliniomba nimsaidie kuingiza kompyuta katika kipindi chake. Nikakubali haraka kama kawaida yangu, kisha nikaharibu. Nilipoanza kutafuta nilipokosea, nikajikuta nasoma historia ambayo hakuna aliyenisimulia katika miaka minne ya shahada ya sayansi ya kompyuta. Ni historia inayoanza na sabuni. Ndiyo, sabuni ya kufulia.

Twende kwanza Lexington, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960. Katika shule ya Muzzey kulikuwa na mwanahisabati aitwaye Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Alikuwa amefanya kazi na Jean Piaget kule Geneva, akichunguza jinsi watoto wanavyofikiri, kisha akahamia MIT. Pale Muzzey alikuwa akijaribu kufundisha hisabati kwa kutumia lugha mpya ya kompyuta, Logo, iliyoundwa mwaka 1967 katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman na Papert mwenyewe pamoja na Wally Feurzeig na Cynthia Solomon. (Jina la Solomon huachwa nje mara nyingi. Tafadhali usiliache.)

Usifikirie skrini na kipanya. Watoto walikuwa wakipiga chapa kwenye teletype, mashine zenye kelele kama cherehani bovu, zilizounganishwa kwa laini ya simu na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali. Jibu lilirudi likiwa limechapwa kwenye karatasi. Mashine kama hiyo ukimwonyesha mtoto wa leo atakuuliza inakoboa mahindi au inasaga.

Sasa, kila siku Papert alipokuwa akienda kwenye darasa lake la hisabati alipita mlango wa chumba cha sanaa. Mle ndani watoto walikuwa wakichonga sabuni. Walichonga leo, kesho, wiki ijayo, kipande kilekile. Papert akawa anasimama na kuchungulia. Aliyoyaona aliyaandika miaka mingi baadaye, katika kitabu Constructionism cha mwaka 1991 alichokihariri pamoja na Idit Harel. Hakuna kazi mbili zilizofanana, na kila mtoto alichonga kitu kilichotoka kichwani mwake. Walikuwa na muda wa kufikiri, wa kukodolea macho sabuni bila kufanya kitu, wa kujaribu wazo na kuliacha, wa kuangalia kazi ya jirani na kusikia jirani anasema nini juu ya yao. Kisha Papert alikuwa akiingia darasani kwake, ambako mtoto hupewa tatizo dogo, hulitatua au hushindwa, kisha hupewa jingine.

Aliona wivu. Akajiuliza: kwa nini hisabati isiwe hivi? Alichokitaka akakiita hisabati ya sabuni.

Hapa ndipo niliposimama kusoma na kurudi nyuma kuanza tena. Mimi nilidhani hadithi ya kompyuta na sanaa shuleni ni hii: sanaa ilikuwa maskini, teknolojia ikaja kuitajirisha. Kumbe mmoja wa waanzilishi wa kompyuta za watoto alikwenda kuomba kwenye mlango wa chumba cha sanaa, na alichoomba ni namna ya kufanya kazi.

(Nami niliwahi kuchonga sabuni. Darasa la tano, mche nusu nilioutoa jikoni bila ruhusa, nikachonga ng'ombe aliyefanana zaidi na buti. Mama aliponiuliza sabuni iko wapi nikamwonyesha ng'ombe. Akafulia ng'ombe. Na kipindi chenyewe hakikudumu, maana KCPE ya wakati wetu haikuwa na mtihani wa sanaa, kwa hiyo kwenye ratiba kiliandikwa sanaa na ubaoni tukafanya hisabati.)

Logo ya mwanzo ilishughulika na maneno na sentensi, haikuchora. Uchoraji uliletwa na kobe. Kobe huyo ana ukoo wake: mwishoni mwa miaka ya 1940 huko Bristol, Uingereza, mtaalamu wa ubongo W. Grey Walter alitengeneza roboti ndogo mbili zilizotembea sakafuni zikifuata mwanga, akaziita kobe, na majina yao Elmer na Elsie. Kundi la Papert lilichukua jina hilo kwa roboti yao iliyobeba kalamu tumboni. Unaiambia iende mbele hatua kadhaa, inakwenda, na kalamu inaacha mstari. Unaiambia igeuke kulia nyuzi 90, inageuka. Inua kalamu, shusha kalamu. Baadaye kobe akahamia kwenye skrini akawa pembetatu ndogo, na ndivyo wengi walivyomjua miaka ya 1980, hasa baada ya Papert kutoa kitabu chake Mindstorms mwaka 1980.

Ujanja wa kobe ni kwamba hajui kipimo cha ramani. Hajui x wala y. Anajua tu mahali alipo na upande anaotazama, kama wewe unapoelekezwa njia mtaani: nenda mbele hadi duka la kona, pinda kushoto. Kwa hiyo mtoto akishindwa kuchora duara anaweza kusimama na kulitembea: hatua kidogo, geuka kidogo, hatua kidogo, geuka kidogo. Tayari ameandika programu kwa miguu. Mimi nilifundishwa duara kwa fomyula, na ningekuwa nimetembea kwanza pengine ningeipenda fomyula hiyo mapema zaidi.

Logo ilisafiri. Mwaka 1982, katika mradi uliogharimiwa na serikali ya Ufaransa, Papert na Nicholas Negroponte walipeleka kompyuta za Apple II kwa watoto wa shule katika kitongoji cha Dakar, Senegal. Lakini kwangu mfano unaokaribia zaidi ile sabuni uko Boston, katika shule ya Hennigan, kati ya miaka ya 1986 na 1987. Idit Harel aliwapa watoto wa darasa la nne kazi ya kuunda programu ya Logo ya kufundisha sehemu (nusu, theluthi, robo) kwa watoto wadogo kuliko wao. Kazi moja tu, kwa zaidi ya miezi mitatu, na kila mtoto na wazo lake. Msichana mmoja alichora nyumba, jua na gari la kukokota, akagawa kila kimoja nusu kwa rangi, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba sehemu ziko kila mahali ukitaka kuziweka. Kipindi hicho kiwe cha hisabati au cha sanaa? Sijui ungekiandikaje kwenye ratiba.

Ipo njia nyingine ambayo teknolojia ilipita kuingia darasa la sanaa, na ni ya zamani zaidi. Ni njia ya kuonyesha. Taa zenye vipande vya kioo vilivyochorwa zilikuwa zikirusha picha ukutani zamani sana kabla ya umeme. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 wahadhiri wa historia ya sanaa kule Ujerumani walizitegemea, na Heinrich Wölfflin alipata sifa kwa kuweka picha mbili ubavu kwa ubavu ili wanafunzi walinganishe. Ukifikiria ni jambo kubwa: mtu aliyeko Berlin anaona kanisa la Roma na la Paris kwa pamoja bila kupanda treni. Kisha zikaja mashine za slaidi za Kodak, zilizozunguka kama bembea, ambazo kampuni hiyo iliacha kuzitengeneza mwaka 2004. Leo tuna projekta na vishikwambi. Ile programu ya serikali yetu iliyoanza kusambazwa shuleni mwaka 2016 ilikuwa na vyote viwili.

Sina ugomvi na kuonyesha. Lakini ndiko nilikoharibu mimi.

Siku ya kwanza nilifika na projekta niliyoazima, laptopu yangu na picha nilizozipanga vizuri: michoro ya Elimo Njau iliyoko katika kanisa la Murang'a, vyungu vya Magdalene Odundo, vingine vingi. Mwishoni nikaweka chemsha bongo niliyoiandika usiku kucha, yenye alama na sauti ya makofi. Watoto walitulia kama maji ya mtungini, wakajibu, wakapigiwa makofi na kompyuta. Nilipokuwa nakunja nyaya nikitarajia pongezi, mwalimu akaniambia kwa upole, "Ahsante sana mwanangu. Lakini umeona? Hawajagusa kitu."

Dakika 35 na hakuna mtoto aliyechafua hata kidole. Maskini mimi, nilikuwa nimekichukua kipindi ambacho tayari kilikuwa kama chumba cha sabuni nikakigeuza kuwa darasa la maswali madogo. Na nilikuwa nimetumia umeme kufanya hivyo.

Nilirudi nyumbani nikasoma haya niliyowasimulia, kisha nikakusanya laptopu tano za zamani na kuzitia Logo, ambayo ni nyepesi kiasi kwamba hata mashine iliyochoka inaibeba. Logo inakuruhusu kuipa amri jina jingine, basi nikatoa Kiingereza: mbele, nyuma, kulia, kushoto, rudia. Na neno zamu kwa ajili ya kuhesabu marudio. Ilinichukua mstari mmoja kwa kila neno. Mwalimu naye akaomba vipindi viwili mfululizo kila Ijumaa kwa wiki sita, akasema hatatoa maksi hadi wiki ya sita. Sharti hilo lilikuwa lake, si langu, na sasa naona lilikuwa na uzito kuliko programu yote.

Watoto kadhaa kwa laptopu moja. Wiki ya kwanza ilikuwa mraba na kelele. Wiki ya pili msichana mmoja akasema anataka kuchora kitako cha kiondo, kwa sababu nyanyake husuka. Mnajua kiondo huanzia chini katikati, kikazunguka kikipanuka. Kundi lake likahangaika kipindi kizima. Duara hawakulitaka, maana duara hurudi lilipoanzia, na kiondo hakirudi. Mvulana wa kundi lile akapendekeza kila mstari uwe mrefu kuliko uliotangulia. Wakaandika hivi:

rudia 100 [mbele zamu * 2 kulia 91]

Walikusudia 90. Kidole kiliteleza. Kwa 90 ungepata miraba iliyozunguka ikipanuka, safi na ya kuchosha. Kwa 91 kila upande unapinda zaidi kwa nyuzi moja, ile nyuzi moja inajumlishana, na umbo zima linaanza kujisokota, mikono minne inapinda kutoka katikati kama upepo umeikamata. Darasa zima likahama viti. Hakuna aliyeambiwa asimame. Kundi la pili likajaribu 89, likageukia upande mwingine. Kundi la nyuma likajaribu 121, likapata mikono mitatu badala ya minne, na mvulana mmoja akabaki kimya kwa muda mrefu akihesabu kwa vidole kwa nini. (Gawanya 360 kwa 3, kisha ongeza moja. Sikumwambia. Alifika.)

Wiki ya tatu yule msichana akaja na kiondo cha nyanyake ambacho hakijaisha, nyuzi zikiwa zinaning'inia. Nyanya alikuwa amemwambia kwamba huwezi kuzunguka na idadi ileile ya nyuzi, lazima uongeze njiani la sivyo kitako kitajikunja kama bakuli kabla ya wakati wake. Kwa hiyo programu yao ilikuwa na makosa ambayo hata mimi sikuyaona. Waliianza upya. Mwalimu aliwaacha waianze upya, ingawa zilibaki wiki tatu.

Wiki ya tano kipindi kilichukuliwa. Darasa la juu lilihitaji chumba kwa ajili ya marudio, na sanaa, hata baada ya kurudishwa kwa heshima na mtaala mpya wa umilisi ulioanza nchi nzima mwaka 2019, bado ndiyo ya kwanza kuombwa isogee. Mwalimu hakugombana. Aliwaambia watoto waje Jumamosi asubuhi anayetaka. Walikuja 19 kati ya 43, na wawili walileta wadogo zao.

Hapo ndipo tulipo. Jumamosi ya jana kitako cha kiondo kilikuwa na mizunguko tisa, na mzunguko wa tano bado unavunjika upande mmoja. Laptopu mbili kati ya tano zimekufa betri na hazina chaja. Ni zile za zamani zenye pini nene ya mviringo, volti 19. Kama unayo moja inalala kwenye droo, niandikie, nitaifuata popote Nairobi. Na kama unajua namna nzuri ya kuongeza nyuzi bila kuvunja mzunguko, tafadhali usiniambie bado. Wenyewe wamesema wataipata.