Ngozi ya Punda Mkongwe wa Lamu

Katika mji wa kale wa Lamu, wenye vichochoro visivyopitisha gari, punda amebeba mawe ya matumbawe, mchanga na boriti za ujenzi kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo huacha alama mgongoni: kamba na shogi huchubua ngozi hadi kuwa na vidonda. Punda anapozeeka, meno huisha, nyama hupungua na mifupa hutokeza. Ngozi huchubuka upesi na kupona polepole. Mwaka 1987 shirika la Uingereza lililoanzishwa na Elisabeth Svendsen lilifungua zahanati ya punda mjini humo, kutibu vidonda na minyoo bila malipo. Tandiko nene, chakula laini na mapumziko ni haki ya punda mzee.