Kutoka Uchifu hadi Mtaa: Kumezwa kwa Maeneo ya Kichifu na Miji ya Iringa na Mbeya

Katika historia ya utawala wa Nyanda za Juu Kusini, mwaka 1963, ambapo sheria ilifuta mamlaka ya machifu Tanganyika, huchukuliwa kuwa mwisho wa maeneo ya kichifu. Hoja ya insha hii ni kwamba sheria hiyo ilifuta cheo. Eneo lenyewe lilimezwa na mji, polepole, kabla na baada ya mwaka huo.

Chini ya Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926, machifu walikusanya kodi, waliamua mashauri na kusimamia matumizi ya ardhi. Uhehe ilikuwa na chifu mkuu mmoja: Sapi Mkwawa, kisha mwanawe Adam Sapi kuanzia mwaka 1940, huku vanzagila wakiongoza sehemu zilizo chini yake. Usafwa, kinyume chake, ilikuwa na machifu kadhaa wenye maeneo madogo.

Miji ilikua nje ya mfumo huo. Iringa ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, si mbali na Kalenga, makao ya Mkwawa yaliyotekwa mwaka 1894. Mbeya ilianza mwaka 1927, enzi ya dhahabu ya Lupa. Ndani ya mipaka ya mji, mwenye kauli alikuwa ofisa wa serikali, si chifu. Kwa hiyo kila mpaka uliposogezwa, eneo la kichifu lilipungua. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, na barabara kuu ya Zambia ziliuvuta mji wa Mbeya kuelekea Iyunga na Uyole.

Athari kubwa iko katika ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 huipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake. Kijiji kinapogeuzwa mitaa ya mji, usimamizi huo huhamia halmashauri ya mji, na serikali ya mtaa haiurithi. Hivyo ngazi iliyo karibu zaidi na mkulima, aliyoijua kwanza kwa chifu kisha kwa kijiji, imepoteza uamuzi juu ya shamba lake.

Leo Iyunga ni jina la kata na la tarafa katika Jiji la Mbeya. Jina limedumu, lakini halithibitishi kwamba mipaka au mamlaka ya zamani yamedumu nalo. Mtafiti wa migogoro ya ardhi hana budi kuvitenganisha vitu hivyo vitatu.